Kompyuta Ipi kwa Karakana ya Garsen?

Seremala aliyeazimia kununua mashine ya kukatia mbao kwa hesabu za kompyuta, ile ambayo mafundi wetu huiita CNC na kila mtu akaelewa, aghalabu huanza kwa kuuliza upana wa meza yake, nguvu ya mota yake na bei yake ikishatolewa bandarini Mombasa. Na suala la kompyuta itakayoiamrisha huachwa hadi siku ya kuifunga mashine, wakati fedha zimekwisha kutoka na muuzaji ana haraka ya kurudi alikotoka. Rai yangu ni kwamba suala hilo lapasa kuja mbele. Mashine yenyewe ni chuma, reli, mikanda na mota, vitu ambavyo fundi hodari wa Garsen au Hola aweza kuvifungua, kuvisafisha na kuvifunga tena kwa mikono yake; ilhali kompyuta na programu zake ndizo zitakazoamua kama mashine hiyo itakuwa ikifanya kazi mwaka wa tano, au itasimama nzima, haina kasoro, kwa kukosa wa kuiamrisha. Kwa hiyo kompyuta ya karakana haifai kuchaguliwa kwa uzuri wa siku inaponunuliwa. Ichaguliwe kwa kuhesabu siku itakapoharibika.

Hesabu hiyo haiwi sawa kila mahali, nami nasema kwa kuitazama Garsen, si Nairobi. Garsen ni njia panda: barabara itokayo Malindi hufika hapo ikagawanyika, mkono mmoja ukaelekea Witu na Lamu, na mwingine ukapanda sambamba na Mto Tana kuelekea Hola na Garissa. Malindi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 100, na Mombasa, ambako ndiko aliko fundi wa kadi za kompyuta na duka la vipuri, ni zaidi ya 200. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 2018 na tena mwishoni mwa 2023 hata barabara ya Lamu ikakatika, kipuri cha shilingi mia tano chaweza kuisimamisha karakana kwa majuma. Tena kuna jambo la umeme. Tana ndio mto ubebao mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, nao huipa Kenya sehemu kubwa ya umeme wake wa maji tangu Kindaruma ilipoanza mwaka 1968. Walakini watu wa delta, wakaao mwisho wa mto huo huo, waliingojea hadi mwaka 2015 laini kubwa ya kilovolti 220 itokayo Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Umeme upo, alhamdulillahi, lakini hukatika; na kukatika kwake ni hoja kubwa katika uchaguzi huu kuliko sifa zote ziandikwazo juu ya boksi la kompyuta.

Kabla ya kulinganisha mifumo ni sharti kutenganisha amali tatu ambazo watu huzichanganya kwa sababu mara nyingi hufanywa na mtu mmoja mbele ya kioo kimoja. Ya kwanza ni kuchora: mlango, ubao wa kitanda, geti, nakshi ya ua. Ya pili ni kuugeuza mchoro kuwa njia ya kisu, yaani kuamua biti ipi itumike, ishuke kina gani kwa kila mpito, ianzie wapi na iishie wapi. Matokeo ya amali hiyo ya pili ni faili la maandishi matupu, mistari ya herufi na tarakimu ambayo mafundi huiita jii-kodi, na ambayo asili yake ni zile hesabu zilizotobolewa katika ukanda wa karatasi kuiongoza mashine ya kuchongea chuma iliyooneshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Mstari mmoja waweza kusomeka G1 X250 F3000, na maana yake ni kwamba kisu kiende kikikata kwa mstari ulionyoka hadi milimita 250 katika mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 3000 kwa dakika. Amali ya tatu ni kuitii mistari hiyo, kuigeuza kuwa mapigo ya umeme yaendayo katika mota. Na hapa ndipo penye siri ya jambo lote.

Tuchukue mota ya kawaida ya mashine hizi, ambayo huzunguka mara moja kwa hatua 200, na kiendeshi chake kikaigawa kila hatua mara 8, ikawa hatua 1600 kwa mzunguko. Ikiwa skrubu inayosukuma meza husogea milimita 5 kwa mzunguko mmoja, basi kila milimita yahitaji mapigo 320. Na kwa mwendo ule wa milimita 3000 kwa dakika, ambao si mwendo wa kutisha, mota moja yadai mapigo 16,000 kwa sekunde, pigo moja kila baada ya sehemu 62 hivi za milioni ya sekunde, wala pigo lisitangulie wala lisichelewe. Kompyuta ya kawaida, iwe ya Windows, ya Mac au ya Linux isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, imeundwa kuhudumia shughuli nyingi kwa zamu: isogeze kishale cha mausi, isome flashi, itafute intaneti, ichunguze virusi. Ikiziacha mota kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde ili kushughulikia jingine, mapigo 16 yamechelewa. Mota iliyokuwa mbioni hukwama au huruka hatua, na kwa kuwa mashine nyingi za bei nafuu hazina jicho la kujitazama zilipo, hazitambui kwamba zimepotea. Huendelea kukata kwa uaminifu, milimita kadhaa pembeni ya mahali panapostahili, hata ubao mzima ukaharibika. Watu wengi husema kompyuta yangu ni mbovu, au mashine ya Wachina ni mbovu, na hali ubaya ulikuwa katika kuipa kompyuta moja kazi mbili zisizopatana.

Windows ndiyo iliyotawala karakana, na si kwa bahati. Programu zinazopendwa na maseremala, kama zile za kampuni ya Vectric, zimeandikiwa Windows peke yake. ArtCAM, iliyofundisha mafundi wengi kuchora nakshi za kuinuka, ilikuwa ya Windows pia. Na kijana yeyote aliyemaliza sekondari katika Kaunti ya Tana River, akiwa amewahi kugusa kompyuta, hapana shaka ameigusa ya Windows. Laptopu zilizotumika Ulaya huuzwa Mombasa kwa bei ambayo karakana ndogo yaweza kuimudu, na ikiharibika moja hupatikana nyingine inayofanana nayo. Hiyo ni nguvu ya kweli, na mtu asiidharau kwa kupenda mambo mapya.

Walakini historia ya Windows katika kuendesha mota ina funzo kali. Kwa miaka mingi programu iliyojulikana kuliko zote ilikuwa Mach3, iliyopeleka mapigo moja kwa moja kupitia lile tundu pana la printa za zamani. Ilifanya hivyo kwa kujipenyeza chini kabisa ya mfumo endeshi, na njia hiyo ilifunguka tu katika Windows za biti 32. Zilipoenea za biti 64, mlango ukafungwa, na laptopu zenyewe zikaacha kutengenezwa na tundu hilo. Mashine nyingine zilikuja na kadi ya NcStudio ichomekwayo ndani ya kompyuta ya mezani yenye Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza Aprili 2014. Mwenye mashine ya namna hiyo leo hana budi kuitunza kompyuta kuukuu kama mboni ya jicho, maana bao lake mama likiungua, mwenzake wa kufanana naye, mwenye nafasi ya kadi ile, ni adimu. Mzunguko huo haujakoma: Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi kompyuta nyingi zenye vichakataji vilivyotoka kabla ya mwaka 2018 hivi, yaani sehemu kubwa ya zile laptopu za mitumba. Mashine ya kukatia huishi miaka 15 au 20 ikitiwa mafuta. Mfumo endeshi huishi 10. Anayezifunga pamoja kwa fundo lisilofunguka ameikata mashine yake umri.

Kuna jambo jingine la Windows ambalo halisemwi waziwazi vya kutosha, nalo ni nakala za wizi. ArtCAM yenyewe kampuni ya Autodesk iliacha kuiuza mwaka 2018, lakini nakala zake huzunguka katika flashi, na fundi mwenye haki ya kula jasho lake hujikuta ameijenga biashara juu ya kitu asichokimiliki, kilichotoka kwa mtu asiyemjua, chenye virusi vinavyoharibu hata mafaili ya wateja. Simlaumu kwa umaskini. Nasema tu kwamba nakala hiyo haina wa kumlilia siku inapokataa kufunguka, na kazi ya harusi imekwisha kulipiwa nusu.

Juu ya Mac sina mengi. Ni chombo kizuri cha mchoraji, na baadhi yake hazina hata feni ya kufyonza vumbi, jambo lenye thamani katika karakana; lakini ni ghali, mafundi wake ni wachache hata Mombasa, programu nyingi za useremala hazimo, na tangu Apple ilipohamia katika vichakataji vyake yenyewe mwaka 2020 haiwezekani tena kuigawa kompyuta hiyo na kuitia Windows kama watu walivyokuwa wakifanya. Aliyenayo tayari kwa kazi nyingine aweza kuchorea. Kwenda kuinunua kwa ajili ya karakana ya Garsen ni israfu.

Ama Linux, hiyo yadai mizani ya uangalifu, kwa kuwa wanaoisifu huipita kiasi na wanaoikataa hawajaijaribu. Katika amali ya tatu, ya kuendesha mota, Linux imepatiwa dawa ya ugonjwa nilioueleza. Katika miaka ya 1990 taasisi ya viwango na vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, iliandika programu ya kuongoza mashine na kuiachia umma. Ndiyo ambayo leo yaitwa LinuxCNC. Huendeshwa juu ya Linux iliyorekebishwa ili mapigo yapewe haki ya kutangulia mbele ya shughuli nyingine zote, hata kishale cha mausi kikingoja. Ni bure kwa halali, haidai intaneti, hukubali kompyuta ya mezani ya zamani, na toleo lake la siku hizi hukubali pia Raspberry Pi, kibao kidogo kama kitambulisho kinachotumia umeme haba mno. Mwenye mashine kubwa ya mihimili minne au mitano hapati kitu bora kuliko hicho kwa bei yoyote iliyo karibu naye.

Taabu ya Linux iko katika amali mbili za kwanza. Programu ya kuchorea nakshi iliyozoeleka na seremala haimo. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2024, yaweza kuchora kabati na kutoa njia ya kisu, na Inkscape yafaa sana kwa herufi na maua bapa. Bali nakshi ya kuinuka, ile ya milango ya Lamu ambayo jani huonekana limelala juu ya jani, haijapata huko chombo kilicho chepesi kwa fundi. Hata palipokuwapo auni, yaweza kuondoka: LightBurn, programu iliyopendwa na wenye mashine za leza kwa sababu ilikuwamo katika Windows, Mac na Linux sawia, mwaka 2024 ilitangaza kuiacha Linux katika matoleo yajayo. Na lililo zito zaidi ni hili, kwamba Linux huhitaji mtu mmoja anayeijua, aliye hapo hapo mjini. Karakana ikiwa na kijana huyo, Linux ni neema; kijana akipata ajira Nairobi akaondoka, mwenye karakana hubaki mbele ya kioo kinachomuuliza maswali asiyoyajua.

Hapa ndipo ninapofika penye jibu ambalo halimo katika ugomvi wa Windows na Linux. Amali ya tatu yaweza kuondolewa kabisa katika kompyuta na kupewa kibao chake chenyewe, ambacho hakina kazi nyingine duniani ila kutoa mapigo. Mwaka 2009 Mnorwe Simen Skogsrud aliandika GRBL, programu ndogo inayokaa katika kibao cha Arduino chenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, nayo hutoa mapigo 30,000 kwa sekunde bila kutetereka, kwa sababu hapana wa kuisumbua. Kompyuta, ya mfumo wowote, huipelekea tu mistari ya jii-kodi kwa waya wa USB. Kompyuta ikifa leo, kesho huchomekwa nyingine, hata ya kuazima shuleni, na mashine haioni tofauti. Kibao chenyewe ni cha bei ndogo kiasi kwamba mtu mwenye busara hununua viwili, kimoja akakifungia kabatini.

Walakini hata GRBL huitegemea kompyuta iwe macho muda wote wa kukata. Laptopu ikilala, au ikijiwasha upya kwa ajili ya masasisho, kisu husimama katikati ya ubao. Kwa karakana ya mbao napendelea zaidi ile rimoti ya mkononi, ya aina ya RichAuto, ambayo huuzwa pamoja na mashine nyingi za Kichina. Fundi huja na faili katika flashi, huichomeka ubavuni mwa rimoti, hupeleka kisu kwa vitufe hadi pembe ya ubao, hukishusha mpaka kipande cha karatasi kilichowekwa chini yake kianze kukwama, hubonyeza kitufe cha kuweka sifuri, kisha huanza kukata. Na kompyuta iko ofisini, mbali na vumbi, au haipo kabisa. Umeme ukikatika, rimoti hukumbuka mstari iliofikia, na ukirejea humuuliza mwenyewe kama aendelee. Hilo si jambo dogo. Nakshi ya mlango mmoja yaweza kuwa na mistari laki kadhaa na kuchukua saa nyingi. Na betri ya akiba ya dukani haiwezi kuibeba mota ya kukatia ya kilowati 2 au 3, hata kama itaiweka hai kompyuta. Ila ukumbusho wa rimoti hauna faida kama meza imesukumwa gizani. Kwa hiyo mnunuzi asikubali mashine isiyo na swichi za mwanzo, zile ambazo mihimili huziendea na kuzigusa ili mashine ijue tena ilipo.

Saa hizo nyingi zina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya mti tulio nao. Mathenge, ulioletwa katika skimu za Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeenea ukawa bala kwa wafugaji na kwa mashamba ya mtoni. Lakini ubao wake ni mgumu, wa rangi nzuri, tena haupindi sana unapokauka. Ubaya ni kwamba magogo yake ni mafupi na yaliyopinda, hutoa vipande vidogo ambavyo kwa msumeno wa mkono ni taabu kuviunganisha. Kazi ya vipande vidogo vilivyo sawasawa, vikatwavyo polepole kwa ugumu wake, ndiyo hasa kazi ya mashine hii. Na mashine itakayofanya kazi polepole kutwa nzima, katika joto la Garsen na vumbi lake, yahitaji mwamrishaji asiye na feni wala masasisho.

Kwa mafundi wa mageti na madirisha, wanaotaka kukata chuma kwa plazma, hukumu yabadilika kidogo. Cheche ya plazma hutoa mshindo wa umeme unaoikata mara kwa mara mawasiliano ya waya wa USB, na kichwa cha kukatia sharti kipandishwe na kushushwa wakati huo huo kwa kadiri bati linavyojikunja kwa moto. Hapo LinuxCNC, pamoja na kadi iunganishwayo kwa waya wa netiweki, hustahili taabu ya kujifunzwa.

Lililobaki ni kuchora, na hapo laptopu ya mitumba yenye Windows yatosha, kwa sharti moja kuhusu intaneti. Fusion ya Autodesk ni programu adhimu, na hutolewa bure kwa mtu binafsi kwa kazi zisizo za biashara. Lakini hiyo leseni ya bure ilipunguzwa Oktoba 2020, michoro inayohaririwa isizidi 10 kwa wakati mmoja na mwendo wa kasi wa kisu ukaondolewa, na programu yenyewe hukubali kukaa wiki mbili tu bila kuingia mtandaoni. Fundi atakayeipenda aipende, ila kila mchoro uliomalizika autolee nakala katika mitindo isomwayo na programu nyingi, DXF na SVG kwa michoro bapa, STEP kwa maumbo, pamoja na jii-kodi yenyewe, aiweke katika flashi mbili, moja nyumbani. Mifano ya nakshi ambayo familia moja imeikusanya kwa vizazi haifai kuwa amana ya kampuni iwezayo kubadilisha masharti usiku mmoja.

Wa kuanza na haya ni vyuo vya ufundi vya vijana, ambavyo kwa Katiba ya 2010 viko chini ya kaunti. Nairobi imekwisha kutangulia: Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana yake ya ubunifu iitwayo Fab Lab, na karakana ya pamoja ya Gearbox hufundisha ufundi huu kwa vijana wa kila aina. Kaunti ya Tana River itakapotangaza zabuni ya mashine kwa vyuo vyake, iandike katika karatasi za zabuni kwamba mashine isome jii-kodi ya kawaida kutoka flashi, iongozwe na kibao kisichotegemea mfumo endeshi wowote, ije na kibao cha pili cha akiba, iwe na swichi za mwanzo katika kila mhimili, na muuzaji akabidhi mipangilio yote ya mashine ikiwa imechapishwa kwenye karatasi. Na mwalimu asianze kwa kufundisha vitufe vya programu. Aanze kwa kumpa mwanafunzi kalamu, aandike kwa mkono mistari sita ya kukata mraba wa milimita 100, aipakie, auone mraba wake umetoka katika kipande cha mathenge, kisha aupime kwa rula.